Moto Ubaki Nje, Joto Liingie

Barabara ya kutoka Walikale-centre kwenda Sake hupanda karibu njia nzima. Huanzia msituni, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mtu hulala kwa shuka moja. Hupita Mpofi, Kibua na Kashebere, ikaingia Masisi kwa upande wa Nyabiondo. Ikifika kwenye malisho ya Bihambwe, Matanda na Mushaki, ng'ombe wanakula majani ndani ya ukungu na wachungaji wamejifunika makoti mazito. Huko juu vilima vingi vinazidi mita 2,000.

Hesabu ya baridi hiyo ni rahisi. Kwa kila mita 100 za kupanda, hewa hupoteza takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Ukipanda mita 1,300 umepoteza karibu nyuzi nane. Mchana, nyuzi nane ni neema: maziwa hayaharibiki upesi, na jibini la Masisi lililofika hadi meza za Kinshasa limezaliwa katika ubaridi huo. Usiku mambo hugeuka. Nyuzi nane hizo ndizo zinazomfanya mtoto wa Walikale alale amejinyoosha na mtoto wa Mushaki alale amejikunja, magoti kifuani.

Ulaya baridi huja kwa msimu, na watu hujenga wakiingoja: kuta nene, madirisha ya vioo viwili, bomba la moshi juu ya paa. Masisi baridi huja kila jua linapotua, mwezi wa kwanza kama mwezi wa saba, na huzidi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mawingu yanapotoweka na ardhi ikaachia angani joto lote la mchana. Kwa kuwa haina msimu wake, wajenzi hawakuipangia mahali pake. Nyumba nyingi za vilimani hazina bomba la moshi. Zina mlango, pengine dirisha dogo la mbao, na mbabula, yaani jiko dogo la makala (makaa), inayoingizwa ndani giza likishika.

Ninataka msomaji atoke na jambo moja katika andiko hili: nyumba ndogo hupata joto salama pale tu moto unapotengwa na pumzi, na maji yanapotengwa na mahali pa kulala. Mambo hayo mawili yakikosekana, kila juhudi ya kuongeza joto huongeza hatari.

Paa lililobadilika, moto usiobadilika

Wazee wetu walilala karibu na moto, na wengi waliamka. Wengine hutumia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba moto wa ndani hauna neno. Lakini tuitazame nyumba waliyolala. Kibanda cha nyasi hupumua. Moshi hupanda taratibu, ukajipenyeza kati ya majani ya paa, na kuta za miti na udongo huwa na nyufa ambazo hakuna aliyejisumbua kuziziba zote. Macho yaliwasha, vifua viliumia, na moshi uliwadhuru mwaka hadi mwaka. Hata hivyo hewa mpya iliingia usiku kucha.

Kisha yakaja mabati, zikaja mbao zilizopigwa misumari bila nafasi, na kwa waliokimbia vita ikaja shitingi, yaani turubai la plastiki. Kila kimoja ni afadhali kuliko nyasi kwa jambo fulani. Bati halishiki moto, mbao huzuia upepo, na shitingi huzuia mvua siku ileile mtu anapofika akiwa na watoto na mzigo kichwani. Ila vyote vitatu vimeziba njia ya moshi. Moto ulibaki uleule, nyumba ikafungwa. Hatari ya leo ni kubwa kuliko ya zamani kwa sababu hiyo.

Baridi yenyewe humsukuma mtu kuizidisha. Mama akiona mtoto anatetemeka, husogeza mbabula karibu na kitanda, hufunga mlango, huweka kitambaa kwenye ufa wa dirisha. Anachofanya ni upendo mtupu. Sayansi ya makala haijali nia yake.

Gesi isiyolala chini

Makala yanapowaka vizuri penye hewa ya kutosha, kaboni yake huungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksidi. Hewa ikipungua, muungano huo haukamiliki, ikatokea kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo. Makala mekundu yasiyotoa moshi, ambayo mtu huyaona kuwa "yameiva" na yako tayari kuingizwa ndani, ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu, hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, moyo hupiga, lakini mzigo unaobebwa si ule ambao mwili unauhitaji.

Watu wa Sake na Goma wana ujuzi ambao sehemu nyingi za dunia hazina: wanajua kwamba hewa inaweza kuua. Wanajua mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini penye miamba ya volkano na kutuama mabondeni. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini kama maji ndani ya sahani, na mbuzi au mtoto mdogo huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Kutokana na hayo watu wamejifunza kuepuka mashimo na kuondoka mahali pa chini.

Ujuzi huo ni wa kweli, ila usihamishiwe kwenye mbabula. Kaboni monoksidi ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa, tena ni nyepesi kidogo. Hujaza chumba chote, na joto la moto huipeleka juu. Anayelala kwenye kitanda cha juu hana usalama zaidi ya anayelala kwenye mkeka. Kupanda hakusaidii, kutoka nje ndiko kunakosaidia.

Dalili zake hufanana na za malaria na za uchovu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kulegea. Alama ya kuitofautisha ni wingi wa wagonjwa. Watu watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa saa ileile, na wote wakapata nafuu wakitoka uani, wasianze kutafuta mbu wala mchawi. Waitoe mbabula kwanza. Mjamzito awahishwe kituo cha afya hata akijisikia vizuri, maana mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko mama na huchelewa kupona.

Aliyezimia atolewe nje mara moja, na anayeingia kumtoa asikawie ndani. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kumnywesha mtu aliyekula sumu, hayaigusi gesi iliyokwisha kushikamana na damu, na aliyezimia anaweza kupaliwa nayo. Dawa ni hewa safi, na hospitalini ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua kama saa nne hadi tano kuondoa nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni tupu ya barakoa, muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Ndiyo maana mgonjwa apelekwe hata kama ameanza kuzungumza.

Somo kutoka kwenye gari la kulala

Katika nchi za baridi kali kuna magari ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na matangi ya maji. Ukubwa wake unakaribia ule wa chumba kimoja cha mbao cha Kitchanga au Nyabiondo. Watu hulala humo huku nje theluji inaanguka. Waliounda magari hayo walilazimika kujibu swali letu lilelile: mtu alaleje na moto ndani ya sanduku dogo lililofungwa, akaamka?

Jibu lao la kwanza ni kwamba moto haukai chumbani hata ukiwa ndani ya gari. Hita za kampuni ya Truma ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1949, zina chumba cha kuchomea kilichofungwa kabisa. Hewa ya kuchomea huvutwa kutoka nje kwa bomba, na moshi hurudishwa nje kwa bomba. Hewa ya chumbani hupita upande wa pili wa ukuta wa chuma, ikapashwa joto bila kukutana na mwali. Joto huvuka ukuta, gesi haivuki.

Jibu la pili linahusu maji. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na ongezeko hilo hupasua mabomba na matangi. Kwa hiyo mwenye gari asiyehitaji maji wakati wa baridi huyamwaga yote, akaacha mabomba yakiwa makavu, na bado anapasha chumba. Hita za Truma za aina ya Combi zimeundwa zifanye kazi tangi likiwa limejaa au tupu. Zina hata vali ya usalama ambayo, joto likishuka hadi karibu nyuzi 3, hujifungua yenyewe na kuyamwaga maji yaliyo ndani ya tangi lake. Maji yana njia yake, hewa ya moto ina yake, na kimoja kikisimama kingine kinaendelea.

Hita hiyo haitafika Rubaya kesho, wala sipendekezi kwamba familia inayotafuta unga ianze kuota vali za Ujerumani. Ninachochukua ni mpango wake. Mafundi wale walianza kwa kuuliza moshi unakwenda wapi na maji yanakwenda wapi, kabla ya kuuliza joto litatoka wapi. Mpango huo unaweza kutekelezwa kwa mawe, mianzi na udongo.

Maji yanayoiba joto

Masisi bomba halipasuki kwa barafu. Huku maji huiba joto kimyakimya. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na ngozi, takriban gramu 40 kwa saa. Watu sita wakilala saa nane, karibu lita mbili za maji zimeingia kwenye hewa ya chumba. Chini ya paa la nyasi mvuke huo hutoka. Chini ya bati au shitingi hukutana na baridi, ukageuka matone, ukadondoka juu ya mablanketi. Asubuhi watu husema paa linavuja, ilhali usiku mvua haikunyesha.

Blanketi lililolowa halifai kitu, kwa sababu kinachomhifadhi mtu ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na maji yameifukuza. Nguo iliyolowa ni mbaya zaidi. Kilo moja ya maji inayokaukia mwilini huchukua zaidi ya kilojuli 2,400 za joto, na mwenye kulipa ni mvaaji. Mtoto aliyenyeshewa akitoka kuchota maji, akiachwa na nguo zilezile hadi zikauke, mwili wake ndio umekuwa jiko la kukaushia.

Watu wa Walikale wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kwao baridi si kali, lakini mvua ya msituni hainyamazi, na moto wao hufanya kazi ya kukausha: samaki, nyama, mahindi, nguo, na hata paa lenyewe. Mara nyingi moto huo hukaa kwenye jiko la pembeni au kwenye paa lisilo na kuta, hewa ikipita huku na huku. Walio vilimani wanaweza kuuchukua utaratibu huo mzima. Nguo na mablanketi vikaushwe jikoni mchana, viingie ndani vikiwa vikavu na vyenye joto. Bidoni za maji zisilale chumbani zikiwa wazi, wala chakula kisichemshwe humo wakati wa kulala.

Kuna pia ardhi. Udongo wenye unyevu hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa. Kitanda cha mianzi au fito kilichoinuliwa kiasi cha goti, na juu yake tabaka nene la majani makavu chini ya mkeka, humsaidia mtu kuliko blanketi la pili la juu. Anayegawa mablanketi kwa watu waliolala juu ya mawe ya lava au matope angefanya vema kuanza na kilicho chini yao.

Bei ya chungu kimoja cha maharage

Kwenye mita 2,000 maji huchemka yakifika kama nyuzi 93. Kuongeza moto hakuyapandishi zaidi. Ndiyo maana maharage ya Masisi huchukua muda mrefu kuiva kuliko yaleyale yakipikwa Walikale, na ndiyo maana mbabula huwaka hadi usiku. Familia nyingi haziingizi makala ndani kwa ajili ya joto peke yake. Huingiza yaliyobaki baada ya chungu, kwani kuyaacha yateketee uani ni kuichoma fedha.

Fedha hiyo ina mizizi mbali. Tanuri la udongo la kuchomea makala hutoa kiasi cha kilo 10 hadi 20 za makala kwa kilo 100 za kuni. Mahitaji ya Goma yameula msitu wa Virunga kwa miaka mingi, na mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF ulianza mwaka 2007 ili wakulima wapande miti ya kuchoma, hasa mikaratusi, kwenye mashamba yao. Kila kilo ya makala inayookolewa jikoni ni kilo kadhaa za kuni zisizokatwa mahali fulani.

Kuloweka maharage tangu jana yake, kufunika chungu, na kukitoa motoni kikiwa kinachemka kisha kukifungia ndani ya kikapu kilichojazwa majani ya migomba na nguo kuukuu hupunguza makala kwa kiasi kinachoonekana. Jiko lenye kauri ndani, kama lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, husaidia pia. Lakini niseme wazi: jiko bora hupunguza makala, haliondoi gesi. Nalo halifai kulala na watu.

Joto bila mwali

Makala yaliyobaki baada ya kupika yana kazi nzuri kuliko kuingizwa chumbani: yapashe maji. Lita tano za maji yenye nyuzi 60, zikipoa hadi nyuzi 30, huachia zaidi ya kilojuli 600. Jiwe la kilo tano lililopashwa hadi nyuzi 100 huachia chini ya nusu ya hizo likipoa hadi nyuzi hizohizo 30. Kwa hiyo bidoni ndogo iliyofungwa barabara, ikaviringishwa kwa kitenge na kuwekwa miguuni, ni hita isiyotoa gesi. Maji yaleyale yanayoiba joto yakiwa huru huwa mtunzaji wa joto yakifungwa. Yasiwe ya kuchemka, maana plastiki hulegea na ngozi ya mtoto huungua. Na chombo hicho kisimguse mtoto mchanga. Anayependelea jiwe achague lililo kavu, asilitoe mtoni, kwa kuwa maji yaliyojificha ndani yake yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua motoni.

Chanzo cha karibu zaidi ni watu wenyewe. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi, usiku mzima, bila makala. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, jiji lililo juu zaidi ya mita 2,600, alikosa mashine za kutosha za kuwapasha watoto njiti. Aliwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakafungwa kwa kitambaa. Njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, sasa inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo pia hushauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu azaliwe. Kwa mtoto aliyezaliwa usiku Mushaki au Ngungu, kifua cha mama na kitenge kikavu ni joto bora kuliko mbabula yoyote, na baba au bibi anaweza kumpokea mama akichoka.

Kujenga njia ya moshi

Anayejenga sasa anaweza kujenga kwa mpango huu tangu mwanzo. Jiko liwe kibanda chake, hatua chache kutoka kwenye nyumba, likiwa na nafasi iliyoachwa wazi kati ya ukuta na paa. Asiye na kiwanja cha kutosha aliegemeze jiko kwenye ukuta wa udongo au mawe wa chumba cha kulala, upande wa nje. Ukuta mnene hulivuta joto la moto wa jioni na kuliachia ndani kidogokidogo usiku, nao ukikandikwa vizuri hauruhusu gesi ipite. Huo ndio ule ukuta wa chuma wa hita ya Truma, uliojengwa kwa mawe ya lava. Chumba cha kulala kiachiwe matundu mawili madogo, moja chini upande usio na upepo, jingine juu karibu na paa, ili mvuke utoke. Chini ya bati iwekwe dari ya mianzi au mikeka, matone yasifike kwenye mablanketi.

Kwa walio kambini hali ni ngumu zaidi. Tangu vita vya waasi wa M23 viliporudi, mamia ya maelfu ya watu wa Masisi wamelala chini ya shitingi, wengine zaidi ya mara moja, na wengi hawana hata uwanja wa kuweka mbabula nje mvua inaponyesha. Mtu wa namna hiyo kuambiwa tu asiingize moto ndani ni kumwachia achague kati ya gesi na baridi. Mashirika na viongozi wanaogawa shitingi wanapaswa kuhesabu makazi kuwa kamili pale tu yanapokuwa na paa la pamoja la kupikia kwa kila kundi la familia, kitu cha kuinua kitanda, na blanketi la kutosha kila mwili. Vitu hivyo havigharimu kama hospitali ya kuwatibu waliokosa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Sehemu yetu ya idadi hiyo haipunguzwi kwa kungoja umeme ufike kila kilima. Inapunguzwa jioni ya leo, mbabula inapoachwa nje ya mlango, maji yaliyopashwa kwa makala yake yakaingia ndani badala yake, na kesho kutwa fundi anapoombwa aache tundu juu ya ukuta kabla ya kupigilia bati la mwisho.